Kila Ndoo Ihesabiwe: Mwongozo wa Maji kwa Wachimbaji na Wachenjuaji wa Madini Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaopata riziki yao katika mawe na udongo wa Simiyu: mwenye leseni ndogo ya dhahabu, mwenye duara (shimo la kuchimbia), mwendesha karasha, anayesesa mwaloni, anayechenjua marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa), anayechota mchanga mtoni na anayepasua kokoto. Msimamizi wa zamu ausome kwanza kuliko wote. Yeye ndiye anayeamua asubuhi kama watu washuke au wasishuke, na mashine iwashwe au ingoje.

Kwa mchimbaji wa Simiyu, maji ni tatizo mwaka mzima. Agosti anayatafuta kwa boza na kwa madumu yaliyopakiwa kwenye baiskeli. Januari yaleyale yanamjia bila kuitwa na kuingia katika duara. Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, wachimbaji zaidi ya 20 walifukiwa na kufa katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, udongo ulipoporomoka katika kipindi cha mvua kubwa. Taarifa za mamlaka zilieleza kuwa walikuwa vijana wa miaka 24 hadi 38, na kwamba eneo hilo lilikuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua. Kila aya ya mwongozo huu inakumbuka zamu ile.

Msingi wa mwongozo wote ni kanuni moja: *maji yote yaliyomo katika eneo la kazi yajulikane yametoka wapi, yanafanya kazi gani, na yanakwenda wapi.* Anayeyajua hayo atapita kiangazi kwa gharama ndogo, atavuka masika watu wake wakiwa hai, na hatamwachia jirani sumu.

1. Ijue ardhi unayoifanyia kazi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mvua zake ni za misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kati ya Juni na Septemba ardhi hukauka, na Meatu ndiko ukavu unakobana zaidi. Mito mingi ni ya msimu: hufurika kwa saa chache, kisha hubaki mchanga mtupu juu na maji chini yake.

Sehemu kubwa ya mabonde ni udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu una tabia ambayo kila mchimbaji lazima aizingatie: kiangazi hupasuka nyufa ambazo kiganja huweza kupita, na ukinywa maji huvimba na kuteleza. Mvua ya kwanza ya vuli hailoweshi uso tu. Hushuka moja kwa moja kupitia nyufa hizo hadi ubavuni mwa duara, huku juu pakionekana pamekauka. Wengi hudhani hatari iko katikati ya masika, lakini mvua tatu za mwanzo baada ya ukavu mrefu nazo zinahitaji tahadhari ileile.

Maji ya mvua ya sehemu kubwa ya Bariadi huishia katika mito ya Duma na Simiyu, na Mto Simiyu humwaga katika Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, ambao Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinishia takriban euro milioni 102.7 mwaka 2017, umebuniwa kuchota maji ziwani upande wa Busega na kuyaleta Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Maana yake iko wazi. Kinachomwagwa kijitoni Bariadi hushuka ziwani, na ziwa hilohilo ndilo litakalojaza ndoo za watoto wa Bariadi. Mchimbaji hana mahali panapoitwa mbali pa kumwaga uchafu wake.

2. Sheria na vibali

Leseni ya madini haikupi haki ya maji. Hilo ni kosa la kawaida na lina gharama. Mambo yafuatayo yafanyike kabla ya kazi kuanza, na kama kazi imeshaanza, yafanyike sasa:

(a) *Kibali cha kutumia maji.* Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inamtaka anayechepusha, anayekinga, anayehifadhi au anayechota maji ya mto au ya ardhini kwa shughuli kama hizi awe na kibali. Kwa sehemu kubwa ya Simiyu kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza. Kuchimba kisima kirefu kuna kibali chake, na mchimbaji wa kisima awe na leseni.

(b) *Kibali cha kutiririsha maji machafu.* Maji yaliyotumika kuoshea au kuchenjulia hayaruhusiwi kuachiwa yaende mtoni bila kibali na bila kusafishwa kufikia kiwango kilichowekwa.

(c) *Mita 60.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Pima kwa kamba, usikadirie kwa macho. Mwalo, karasha na bwawa la marudio vyote vihesabiwe humo.

(d) *Mpango wa utunzaji wa mazingira.* Mwenye leseni ndogo anatakiwa kuwa nao. Uwe mpango wa eneo lake kweli, unaoonyesha mteremko uko wapi, maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mpango ulionakiliwa kwa jirani hautakusaidia mvua ikinyesha.

(e) *Kemikali.* Zebaki na sayanaidi ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Zinunuliwe kwa aliyesajiliwa, zihifadhiwe kwa kufuli, na kila gramu iandikwe.

Afisa Madini Mkazi, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Bonde ni watu wa kuwaendea kabla ya tatizo. Swali linaloulizwa mapema halitozwi faini.

3. Daftari la maji

Huwezi kusimamia usichokipima. Kila eneo la kazi liwe na daftari moja lenye safu nne: tarehe, maji yaliyoingia, maji yaliyopotea, na maji yaliyotoka. Vifaa havizidi ndoo ya lita 20, saa ya simu, rula ndefu ya mbao na kopo la kupimia mvua lenye kuta zilizosimama wima.

*Kupima pampu au chemchemi ya duara.* Elekeza bomba kwenye ndoo na uhesabu sekunde. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, maji yanatoka lita nusu kila sekunde. Hiyo ni lita 1,800 kwa saa, na lita 43,200 kwa siku nzima. Namba hii itakuambia ununue pampu ya ukubwa gani. Itakuambia pia kama maji yanaongezeka. Duara lililokuwa likitoa ndoo kwa sekunde 40 wiki iliyopita na leo linatoa kwa sekunde 25 linakupa onyo.

*Kupima bwawa.* Simika rula ya mbao bwawani na usome kina kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Bwawa la mita 10 kwa 10 likishuka milimita 5, limepoteza lita 500. Siku isiyo na kazi, kushuka huko ni jua na kuvuja. Likishuka zaidi ya kawaida siku ambayo hujachota, tafuta mahali linapovuja.

*Kupima mvua.* Kila milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja, umeshushiwa lita 500,000. Leseni ndogo ya dhahabu yaweza kufika hekta 10, hivyo mvua hiyohiyo ni lita milioni 5. Hakuna pampu ya kukodi Bariadi itakayoshindana na namba hiyo ikiwa maji yote yameelekea kwenye maduara. Kinga yake ni jembe na mtaro, kabla ya mvua.

4. Kiangazi: kufanya kazi kwa maji machache

*Zungusha maji yaleyale.* Mwalo unaochota maji mapya na kuyamwaga kila siku ni upotevu mara mbili: unakausha kisima na kuchafua kijito. Chimba mashimo matatu yaliyopangana kwa mteremko. La kwanza lipokee maji kutoka kwenye ubao wa kusesea, mchanga mzito ubaki humo. La pili litulize tope. La tatu lipokee maji yaliyokwisha kutulia, na pampu iyarudishe mwaloni kutoka hapo. Kinachohitajika kuongezwa ni kile tu kilichonywewa na jua na kubaki ndani ya tope.

Mashimo hayo yatandikwe nailoni nzito au turubai lisilopitisha maji. Usitegemee udongo wa mbuga peke yake. Ukikauka utapasuka, na maji yako yote yatapotelea chini usiku mmoja.

*Kinga mvua ya paa.* Bati la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 700 kwa mwaka, huweza kutoa lita 56,000 hata ukiondoa moja ya tano inayopotea. Maji haya yatengwe kwa ajili ya kunywa, kupika na kunawa, baada ya kuchujwa na kuchemshwa. Yasikingwe kwenye paa la banda linalochomewa zebaki.

*Usinywe maji ya duara.* Maji yanayotoka katika mwamba wenye dhahabu huweza kuwa na madini hatari hata yakiwa maangavu kama kioo. Baadhi ya visima vya ukanda huu, hasa Meatu, vina floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi wala metali. Peleka sampuli maabara ya maji kabla hujaruhusu kambi inywe.

*Kwa wanaochimba mchanga.* Mchanga wa mto wa msimu ni tangi. Ndiyo maana akina mama huchimba visima humo Septemba na kupata maji. Mita moja ya ujazo ya mchanga mzuri huweza kutoa lita 200 hivi, hivyo tipa la mita 7 za ujazo huondoka na nafasi ya kuhifadhi zaidi ya lita 1,000. Chota mahali palipoidhinishwa tu, usifike kwenye udongo wa chini, usikaribie visima vya kijiji wala madaraja, na uache kabisa mahali ambapo mchanga haujarudi baada ya mafuriko yaliyopita.

5. Masika: maji yanapogeuka kuwa uzito

Udongo mkavu hushikana. Udongo uliolowa huwa mzito na mlegevu kwa pamoja. Mita moja ya ujazo ikinywa maji huweza kuongezeka kilo 200 hadi 300, huku mshiko wa chembe zake ukipungua. Ukuta uliosimama salama kiangazi chote unabeba tani nyingi za ziada bila kuonyesha dalili kubwa kwa nje.

*Kabla ya msimu.* Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mwaka 2023 mamlaka hiyo ilitangaza mapema kuwapo kwa El Niño katika msimu wa vuli, miezi kadhaa kabla ya Januari ile ya Ng'alita. Utabiri ukitoka, msimamizi aubadilishe kuwa kazi za mikono:

- Chimba mtaro wa kinga upande wa juu wa eneo lote, wenye mteremko wa kutosha, ukiyapeleka maji pembeni ya maduara na pembeni ya mabwawa ya marudio.
- Jenga tuta kuzunguka mdomo wa kila duara, na uezeke juu yake.
- Ondoa kifusi kilichorundikwa karibu na mdomo. Kifusi hicho hunywa maji na kuukandamiza ukuta.
- Kagua matimba moja moja. Gogo lililolowa na kukauka mara nyingi huoza ndani kabla ya nje. Ligonge: likitoa mlio mzito uliokufa, libadilishe.
- Fukia maduara yaliyoachwa au uyazungushie uzio. Duara tupu lililojaa maji husukuma ukuta wa duara linalotumika, na ni kifo kwa mtoto na ng'ombe.

*Dalili za kusimamisha kazi papo hapo.* Nyufa mpya zinazofuata mdomo wa duara, maji yanayotoka ukutani mahali palipokuwa pakavu, maji yaliyokuwa maangavu kugeuka tope ghafla, vijiwe vinavyodondoka bila mtu kugusa, matimba yanayolia. Ikionekana hata moja, watu watoke kwanza, mjadala ufuate baadaye. Haki ya kupiga yowe na kusimamisha kazi iwe ya kila mtu, hata kijana aliyeajiriwa jana. Wasukuma wana mwano, mlio wa hatari ambao hakuna anayeusikia akaendelea na shughuli zake. Machimbo nayo yawe na ishara moja ya namna hiyo, inayojulikana na wote na isiyotaniwa.

*Baada ya mvua.* Jua likitoka siyo ruhusa ya kushuka. Maji huendelea kusafiri ndani ya ukuta baada ya mvua kukatika. Siku za kungoja ziamuliwe na mkaguzi aliyefika na kuona, na zuio la mamlaka liheshimiwe hadi liondolewe na mamlaka hiyo. Zuio halina uzio wa chuma. Linalindwa na msimamizi anayekataa kuwapa watu kamba. Akijua kwamba vijana watashuka usiku kwa siri kwa sababu hawajala, basi chakula cha siku za mvua ni sehemu ya usalama na kiwekwe katika hesabu za mwenye leseni tangu kiangazi.

*Kupampu.* Mashine ya petroli au dizeli isishushwe kamwe ndani ya duara. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayolaza na kuua, na anayemfuata mwenzake kumwokoa hufa karibu naye. Injini ibaki juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo hautapeleka moshi duarani. Pampu ya umeme iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, na waya usio na kiungo kilichofungwa kwa kitambaa. Duara lisitolewe maji yote kwa haraka. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa yakiuegemea ukuta, na yakiondoka ghafla ukuta hubaki bila egemeo.

Ajali ikitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114. Namba hiyo iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kambi, pamoja na orodha ya majina ya walioshuka zamu hiyo. Bila orodha, waokoaji hawajui wanatafuta wangapi.

6. Maji yenye sumu

*Zebaki.* Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu, kwa hiyo ikimwagika huzama katika tope na kukaa huko miaka mingi. Ndani ya tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki, na samaki mkubwa hubeba zaidi kuliko mdogo. Katika mji wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walipooza na watoto wakazaliwa na ulemavu, na chanzo kilikuwa samaki wa chakula cha kila siku. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo yapunguzwe na ikiwezekana yakomeshwe.

Hatua za lazima: usimwage zebaki katika karasha wala kwenye ubao wa kusesea, itumike kwa mchanga uliokwisha kupunguzwa tu, kukamatisha dhahabu kufanyike katika beseni lililo juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, kamwe si kijitoni, uchomaji ufanyike kwa retoti iliyofungwa, mbali na jiko na watoto, nguo za kazi zisifuliwe nyumbani. Mama mjamzito na anayenyonyesha asishike zebaki wala asikae karibu na uchomaji. Bora kuliko yote hayo ni kutumia meza ya kutikisa au njia nyingine isiyohitaji zebaki.

*Sayanaidi.* Maji yake yakipoteza nguvu ya chokaa hutoa gesi inayoua. Kipimo cha pH kisishuke chini ya 10, kipimwe kila zamu na kiandikwe. Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye matangi ya sayanaidi, kwa sababu sayanaidi huyeyusha zebaki na kuirahisishia kusafiri na maji. Matangi na mabwawa yazungushiwe uzio unaozuia ng'ombe na mbuzi, na yafunikwe wavu dhidi ya ndege. Simiyu ni nchi ya mifugo, na ng'ombe mwenye kiu hasomi kibao.

*Maji ya kutu.* Jiwe lenye madini ya salfa, lile linalong'aa manjano na kumdanganya mgeni kuwa dhahabu, likipata hewa na maji huzaa tindikali. Maji huwa mekundu kama kutu na mawe ya kijito huvaa utando wa rangi ya chungwa. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, mkoani Mara. Mchimbaji mdogo naye anaweza kuzaa tindikali kwa rundo moja la mawe. Mawe ya namna hiyo yatengwe, yafunikwe kwa udongo wa mfinyanzi, na maji yanayotoka chini yake yapimwe kwa karatasi ya litmasi.

Simiyu ina pia akiba ya nikeli ya Dutwa na Ngasamo, iliyochunguzwa na kampuni ya Uingereza ya African Eagle Resources. Nikeli ya aina hiyo kwa kawaida huchenjuliwa kwa asidi ya salfa na maji mengi. Siku uchimbaji wake utakapoanza, viongozi wa vijiji waulize mapema: maji yatachotwa wapi, kiasi gani kwa siku, na mabaki yatakaa wapi kwa miaka 100 ijayo.

7. Mabwawa ya marudio

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mabaki ulibomoka katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, jirani kabisa na Simiyu. Tope lilitoka nje ya eneo la mgodi na kufunika makazi na mashamba. Hakuna aliyekufa. Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki ya chuma liliua watu 270. Tofauti ya ukubwa isimfariji mwenye bwawa dogo, maana kanuni za udongo na maji ni zilezile.

Bwawa lijengwe mahali pasipo na nyumba, shule wala kisima upande wa chini. Ukuta ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Kati ya uso wa maji na ukingo ibaki nafasi isiyopungua nusu mita, na mita moja wakati wa mvua. Kuwe na utoro wa maji uliojengwa kwa mawe, ili maji yakizidi yapite njia iliyokusudiwa badala ya kujitafutia yenyewe, na yaishie katika shimo la akiba lililotandikwa, kamwe yasifike kijitoni. Kila asubuhi mtu mmoja mwenye jina auzunguke ukuta kwa miguu akitafuta unyevu chini yake, nyufa, mashimo ya panya na miti iliyoota. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bwawa la marudio, hiyo ni kazi ya kila asubuhi, na jina la aliyeifanya liandikwe.

8. Nishati ya kuendeshea maji

Kila lita inayopandishwa inagharimu mafuta au umeme, hivyo kuokoa maji ni kuokoa dizeli. Maji yanayozungushwa kwa mteremko hayahitaji pampu kwa sehemu ya njia. Jua la Simiyu linatosha kuendesha pampu za sola mchana na kujaza tangi la juu litakalotumika jioni. Mapipa ya dizeli na oili chafu yawekwe juu ya saruji yenye ukingo na chini ya paa, mbali na kisima. Mafuta yakishaingia kwenye maji ya ardhini, kuyatoa ni kazi ngumu mno.

Hata umeme wa gridi una uhusiano na mvua. Ukame wa mwaka 2006 ulipunguza maji katika mabwawa kama Mtera na kuingiza nchi katika mgawo mkali. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kuongeza nguvu kubwa, lakini nalo linategemea mto. Eneo lenye pampu za kuokoa maisha liwe na chanzo cha pili cha nishati kilichojaribiwa kila wiki.

9. Maji na majirani

Kabla ya kuchimba kisima, kaa na serikali ya kijiji, chombo cha watoa huduma ya maji cha jamii, na jumuiya ya watumia maji kama ipo. Waulize wazee na akina mama kisima kipi hukauka mwisho. Wanajua kuliko ramani. Mpangilio wa haki ni huu: watu kwanza, mifugo pili, mashine baadaye. Pima kina cha kisima cha kijiji kabla hujaanza kuchota na kila mwezi baada ya hapo, mbele ya mwakilishi wao, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji.

Kanda hii ina somo lake katika utunzaji. Mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoani Shinyanga, ulifufua ngitili, malisho yanayohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma, na mwaka 2002 ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta. Miti na nyasi vilirudi kwa sababu watu waliweka mipaka na kuiheshimu. Eneo la machimbo lililokwisha linaweza kurudishwa vivyo hivyo: fukia, sawazisha, rudisha udongo wa juu uliotunzwa pembeni, panda, kisha lifunge kama ngitili.

10. Ukaguzi

*Kila siku:* soma rula ya bwawa na kopo la mvua; tembea ukuta wa marudio; kagua midomo ya maduara; hesabu majina ya wanaoshuka na wanaopanda.

*Kila wiki:* pima pampu kwa ndoo, washa chanzo cha pili cha nishati, safisha mitaro, hakiki daftari la kemikali.

*Kila mwezi:* pima kisima cha kijiji. Peleka taarifa kwa mwenye leseni.

*Kabla ya vuli na kabla ya masika:* chimba upya mitaro, badilisha matimba, punguza maji ya mabwawa, fanya zoezi la kutoka duarani watu wote wakiwepo, weka akiba ya chakula cha siku za kusimama.

Majukumu yasielee. Mwenye leseni anawajibika kwa vibali, fedha na vifaa. Msimamizi wa zamu anawajibika kwa uamuzi wa kushuka. Mwenye duara anawajibika kwa matimba na tuta lake. Kila mfanyakazi anawajibika kusema alichokiona.

Kazi hii ianze kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka, kiwekee alama za sentimita, kisimike bwawani. Andika tarehe, andika kina, tia sahihi. Kisha zunguka mdomo wa duara kwa miguu yako mwenyewe, ukitazama chini, kabla hujamkabidhi mtu yeyote kamba.